Ushauri kwa Anayetaka Kuusoma Mwamba wa Bahari ya Kale Katika Milima ya Guadalupe

Wageni wengi wanaofika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Guadalupe, magharibi mwa jimbo la Texas nchini Marekani, hukimbilia kilele cha Guadalupe, ambacho kwa mita zake 2,667 ndicho kirefu kuliko vyote jimboni humo. Nimekipanda na sijutii. Hata hivyo, mtu ambaye haja yake ni jiolojia ningemshauri aanzie Korongo la McKittrick, katika njia iitwayo Permian Reef Trail, kwa kuwa huko mpandaji huanzia palipokuwa kina cha bahari na kumalizia palipokuwa maji mafupi, bila kuruka hatua yoyote.

Bahari hiyo ilikuwapo katika kipindi cha Pemiani, takriban miaka milioni 260 iliyopita. Mwamba wa Capitan, yaani tuta la chokaa lililojengwa na viumbe wa baharini kwenye ukingo wake, si kazi ya matumbawe kama wengi wanavyodhani. Wajenzi wake wakuu walikuwa sifongo na mwani, wakisaidiwa na chokaa iliyoganda majini na kuwashikamanisha. Baadaye bonde la bahari lilijaa jasi na chumvi, mwamba ukafukiwa, na baada ya muda mrefu sana ardhi ikainuka. Mmomonyoko ukaiondoa jasi iliyo laini na kuiacha chokaa, na ndiyo sababu mteremko unaopandwa leo unakaribiana sana na ule uliokuwa chini ya maji.

Ukilielewa hilo, utajua pa kupunguza mwendo. Chini ya korongo utaona matabaka membamba ya chokaa ya rangi ya kijivu iliyokolea, yaliyotuama mahali palipokuwa na utulivu. Juu kidogo matabaka huanza kuinama, na hapa wengi hudhani kwamba ni nguvu za ardhi zilizoyapindua, ilhali sehemu kubwa ya mwinamo huo ni wa asili: ni vifusi vilivyoporomoka kutoka kwenye mwamba na kutulia ubavuni mwake. Tafuta humo vipande vyenye pembe kali, vya ukubwa usiolingana, vilivyoshikamana ovyo. Kisha matabaka hutoweka kabisa, jiwe likawa pande moja lisilo na mistari, nawe utakuwa umeingia katika mwamba wenyewe. Nisingekushauri upite hapo kwa haraka, hata kama mandhari ya nyuma yako yanakuita. Karibu na juu matabaka hurudi, sasa yakiwa yamelala, na ndani yake mna fuzulinidi, visukuku vya viumbe wa seli moja ambao wengi wao wanalingana na punje ya ngano.

Beba lenzi ya mkono na kichupa kidogo cha kunyunyizia maji, kwa sababu uso mkavu wa chokaa huficha mengi, ila ukilowa tu, kuta za sifongo na vipingili vya krinoidi (wanyama wa baharini wenye shina la vipingili) hujitokeza waziwazi. Nyundo iache nyumbani: kuvunja au kuokota mawe na visukuku ni marufuku katika hifadhi za taifa za Marekani, na kwa maoni yangu nyuso zilizochakaa kwa mvua na upepo huonyesha zaidi kuliko jiwe lililovunjwa upya. Kando ya njia kuna alama zenye namba zinazoendana na kitabu cha mwongozo wa kijiolojia; kisome kabla ya safari, kwa maana upepo wa huko haukupi nafasi ya kufungua kurasa.

Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 13, na kupanda ni takriban mita 600, kwenye njia isiyo na maji wala kivuli cha kutosha. Lita 4 kwa mtu mmoja si nyingi. Lango la korongo hufungwa kila jioni, hivyo uliza saa zake mapema, na muda ukikubana, heri ugeuzie kwenye mwamba wenyewe baada ya kuuchunguza vizuri kuliko kufika juu ukiwa umeupita mbio.