Jibu: Kulenga karatasi peke yake hakutoshi

Ndugu wa Katuba, umeuliza kama mdogo wako kule Texas, anayebeba bastola chini ya shati, anatosheka na mazoezi ya kulenga shabaha ya karatasi. Hapana. Karatasi haikimbii wala haipigi kelele. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mwenye kisu humfikia mtu aliye mita 6 na kidogo kwa sekunde 1.5 hivi. Pima uwanjani kwako uone!

Nililinda depo hapa Lubumbashi; usiku mmoja mikono ilinitetemeka kwa hofu hadi funguo zikaanguka.

Atafute mwalimu wa mazoezi ya mtu kwa mtu, ambapo mwenzake huigiza mshambuliaji, kwa risasi za mazoezi zinazoacha alama ya rangi na kinga ya uso. Silaha halisi zibaki nje, kila mtu apekuliwe. Mazoezi mengine yaishe bila kufyatua: akimbie, apige kelele, aite polisi, na wakifika mikono yake ionekane mitupu.