Injini Hainywi Maji: Maswali Yenu Kuhusu Rejeta na Kulanti

Maswali mengi mliyoleta safari hii yanafanana: maji ya rejeta yanapungua, na mwenye gari anaendelea kuyaongeza tu. Kabla sijajibu moja moja, niseme hili kwa wote. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, inazunguka humo humo, inatoka kwenye injini, inapita kwenye rejeta, inarudi. Ikipungua, ujue imetokea mahali, na mara nyingi mahali hapo imeacha alama. Patafute kwanza, ndipo umimine.

Kila wiki naongeza maji kwenye chupa ya akiba, lakini chini ya gari sioni hata tone. Yanakwenda wapi?

Yanaweza kuwa yanakwenda sehemu tatu, na inafaa uzikague kwa mpangilio kwa sababu ya kwanza ni nafuu na ya mwisho ni ya hatari.

Anza nje. Uvujaji mdogo haufiki chini: kulanti inagusa chuma cha moto, maji yanakauka, inabaki ganda lenye rangi ya kulanti au jeupe kama chumvi. Injini ikiwa baridi, chukua tochi uangalie viungo vyote vya mipira, mishono ambapo matanki ya plastiki ya rejeta yanaungana na alumini, pembeni mwa nyumba ya themostati (valvu inayofunguka kwa joto ili kulanti ipite), na chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini ya ekseli yake. Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Doa kavu la zamani si la kukukosesha usingizi, lakini kikidondosha, pampu imekwisha. Ikiwa pampu yako inazungushwa na mkanda wa taiming, usicheleweshe, kwa maana kulanti inayomwagikia mkanda huo inauharibu, na mkanda ukikatika injini nyingi hupinda valvu.

Sehemu ya pili ni ndani ya gari. Hita nayo ina rejeta yake ndogo nyuma ya dashibodi. Ikitoboka utasikia harufu tamu unapowasha hita, kioo cha mbele kitapata ukungu wa mafuta mafuta usiofutika vizuri, na zulia chini ya dashibodi litakuwa na unyevu. Inua zulia uguse kwa mkono.

Ya tatu ni ndani ya injini, kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Ekzosi ikitoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata baada ya injini kupata moto, shuku hapo. Shuku vilevile ikiwa mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, au ukiona mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta. Vuta kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Lakini povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake halitoshi kuhukumu, kwani gari linalokwenda safari fupi fupi hupata unyevu hapo. Kijiti ndicho shahidi wa kuaminika zaidi.

Usipopata kitu kwa macho, nenda kwa fundi mwenye pampu ya kupima presha. Inafungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, inajazwa upepo kwa mkono hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, halafu inaachwa. Mshale ukishuka, kuna tundu. Sisitiza kipimo kifanyike injini ikiwa baridi, maana zipo nyufa zinazojibana injini ikipata moto na hazionekani tena. Kwa gasketi ya hedi kipo kipimo kingine: hewa ya juu ya kulanti inapitishwa kwenye dawa ya buluu, na ikiwa ina moshi wa petroli dawa inageuka njano. Usikubali hedi ifunguliwe kabla ya vipimo hivi viwili.

Nikiendesha na kiyoyozi, nikiegesha naona maji yanadondoka upande wa abiria. Rejeta inavuja?

Gusa hayo maji. Kama hayana rangi, harufu wala utelezi, ni unyevu wa hewa uliogeuzwa maji na kiyoyozi ukatolewa kwa mrija wake. Hiyo ni kazi yake. Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na ina harufu tamu. Ukiigusa, nawa.

Gari likichemsha njiani, nifungue rejeta nimwagie maji?

Hapana. Na ninaomba jibu hili mlifikishe kwa kila anayeendesha, kwa sababu watu wanaungua uso na kifua kwa dakika moja ya haraka.

Fikiria sufuria iliyofunikwa kwa mfuniko mzito: mvuke unabanwa, na maji yanavuka nyuzi 100 bila kutokota. Kifuniko cha rejeta kinafanya hivyo hivyo. Vingi vinabana presha ya karibu bar 1 juu ya ile ya hewa, na kwa presha hiyo mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji hautokoti mpaka ufike karibu nyuzi 129. Ukifungua kifuniko, presha inaondoka papo hapo, na kimiminika kilichokuwa kimetulia kwa nyuzi 115 kinatokota ghafla na kuruka nje pamoja na mvuke.

Fanya hivi. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho na feni yake yote. Utatoka jasho, lakini hita inasaidia kutoa joto kwenye injini. Tafuta mahali salama usimame. Ukiona mvuke, au mshale umefika kwenye nyekundu, zima injini mara moja. Acha boneti ifunguke kidogo na usubiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuungua. Mara nyingi hiyo ni zaidi ya nusu saa. Ndipo ufungue kifuniko kwa kitambaa kinene, polepole, uso ukiwa mbali.

Wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, si kwa ndani wala kwa nje. Chuma kilichopanuka kikipozwa upande mmoja ghafla kinapinda au kupasuka, na hedi za alumini haziwezi kuvumilia hilo.

Jambo moja zaidi kuhusu geji. Sensa ya joto imetengenezwa kupima kimiminika. Kulanti ikiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla bila sababu, usifurahi. Simama.

Mpira wa rejeta unavuja pale ulipobanwa. Naweza kufanya mwenyewe?

Unaweza, na ni kazi nzuri ya kujifunzia. Injini iwe baridi kabisa. Legeza kibano, zungusha mpira kwanza ndipo uuvute. Usiuchokonoe kwa bisibisi, kwani shingo ya rejeta ya plastiki inavunjika kirahisi. Ukigoma, ukate kwa kisu kwa urefu, kwa sababu mpira ni rahisi kuliko rejeta. Sugua shingo mpaka iwe laini, toa kutu na mabaki yote, maana mara nyingi kinachovujisha ni uchafu huo na mpira wenyewe ni mzima. Kibano kipya kikae nyuma ya tuta dogo lililo kwenye shingo. Ukikaza kupita kiasi utaukata mpira.

Minya na mipira mingine. Uliokakamaa mpaka unalialia, au uliolegea na kuvimba karibu na ncha, ubadilishe siku hiyo hiyo kwa kuwa kulanti umeshaimwaga.

Nimeshauriwa nitie dawa ya kuziba matundu. Inafaa?

Kwa kukufikisha nyumbani, ndiyo, ikiwa tundu ni dogo na huna njia nyingine. Kwa kuishi nayo, siishauri. Dawa hiyo haijui tundu ni lipi na njia ni ipi. Inaganda popote palipo pembamba, na hita ndiyo huumia kwanza, ikifuatiwa na mirija ya rejeta. Nimeona rejeta zilizokuwa na tundu moja la kuzibika zikaishia kutupwa kwa sababu nusu ya mirija imeziba. Yai, pilipili na unga wa viungo ni mambo yale yale, isipokuwa hayo yanaoza pia.

Rejeta ya shaba au ya alumini tupu inaweza kuchomelewa. Yenye tanki la plastiki iliyopasuka, gundi ya epoksi itashika kwa muda, kisha joto na presha vitaifungua. Badilisha.

Kulanti ya kijani, nyekundu, buluu: naweza kuchanganya? Na maji ya bomba je?

Rangi ni ya kutia tu, haina sheria. Watengenezaji wawili wanaweza kuwa na nyekundu zenye dawa tofauti kabisa. Kinachotofautisha kulanti ni dawa za kuzuia kutu: zile za aina ya zamani hudumu takriban miaka 2, zile za asidi ogani huweza kufika miaka 5. Ukizichanganya, kinga ya kutu inapungua, na baadhi ya michanganyiko inatoa ute mzito unaoziba njia. Soma kitabu cha gari, tafuta namba ya kiwango kinachotajwa, nunua chupa yenye namba hiyo. Kama hujui kilichomo ndani, mwaga yote, suuza, anza upya.

Kwa dharura ongeza maji yoyote safi, kwani injini yenye maji ya bomba ni bora kuliko injini iliyonoki. Lakini usiyaache humo. Maji yenye chumvi chumvi yanajenga magaga ndani ya mirija, na maji peke yake yanaleta kutu na hayalainishi sili ya pampu. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi. Hakikisha lebo inasema hivyo, maana asidi ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana.

Kipimo cha nusu kwa nusu kinafaa karibu kila mahali. Kulanti kali isiyotiwa maji haipozi vizuri zaidi. Maji ndiyo yanayobeba joto vizuri, kulanti inayalinda yasitokote, yasigande na yasile chuma. Tazama pia kama chupa uliyonunua imeshachanganywa tayari, usije ukaongeza maji mara ya pili.

Nimebadilisha rejeta na kujaza mpaka juu, lakini gari linachemsha na hita inatoa hewa baridi.

Umefungia hewa ndani. Povu likikaa kwenye hedi au kwenye hita, kulanti haipiti, na chuma cha mahali hapo kinapata joto bila kupozwa. Hita inayotoa baridi wakati injini ni ya moto ndiyo dalili yake kubwa.

Acha injini ipoe, kisha egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mwinuko au kwenye stendi imara, ili shingo ya kujazia iwe mahali pa juu kuliko pote. Weka hita kwenye joto la mwisho, kwa sababu kwenye baadhi ya magari njia ya hita hufungwa ikiwa kwenye baridi. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, iko karibu na themostati au kwenye mpira wa juu, ifungue. Mimina polepole, ukiminya mipira mikubwa kwa mkono ili mapovu yapande. Kulanti ikianza kutoka kwenye skrubu bila povu, ifunge.

Sasa washa injini, kifuniko kikiwa wazi, usiharakishe mafuta. Kiwango kitashuka ghafla themostati ikifunguka, kwenye magari mengi kati ya nyuzi 82 na 95. Ongeza. Endelea mpaka mipira ya juu na ya chini yote iwe na moto, hita itoe joto, na feni iwake na kuzima yenyewe. Funga, endesha mwendo mfupi, acha ipoe usiku mzima, angalia tena asubuhi. Karibu kila gari litataka nyongeza kidogo asubuhi hiyo. Likitaka tena kila siku baada ya hapo, rudi kwenye jibu langu la kwanza.

Kama ulisuuza kwa maji, kumbuka mengi yamebaki ndani ya bloku. Tia kwanza kulanti kali kiasi cha nusu ya ujazo wote ulioandikwa kwenye kitabu, ndipo umalizie na maji. Ukitia mchanganyiko uliotayarishwa utaishia na kulanti nyepesi.

Mpira wa rejeta unanywea gari likipoa. Ni mbovu?

Angalia kifuniko kwanza. Kina valvu ndogo ya kurudisha kulanti kutoka kwenye chupa ya akiba. Ikikwama, injini ikipoa inavuta na mpira unabonyea. Nunua kifuniko chenye namba ile ile ya presha. Chenye namba kubwa zaidi kitatafuta mahali dhaifu na kupasua.

Kulanti ya zamani niimwage wapi?

Isiende kwenye mtaro wala kwenye udongo. Nyingi ina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu, na watoto, mbwa na paka huilamba. Kiasi kidogo kinaua figo. Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, uandike kilichomo, usichanganye na oili, ulipeleke kwenye gereji inayokusanya taka hizo. Dimbwi likibaki sakafuni, lifyonze kwa mchanga na ukazoe. Mtu akiinywa, mpeleke hospitali papo hapo hata akionekana mzima, kwa kuwa mwanzoni anaonekana kama amelewa tu, na madhara ya figo huja siku moja hadi tatu baadaye.

Nimeambiwa nitoe themostati ili gari lisichemshe. Nifanye?

Usifanye. Injini inayokosa joto lake la kazi inakula mafuta zaidi, oili yake haikauki unyevu, na inachakaa upesi. Kwenye baadhi ya injini, bila themostati kulanti inapita njia ya mkato na rejeta haipati ya kutosha, kwa hiyo gari linachemsha kuliko mwanzo. Ipime: ining'inize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini, upashe moto. Ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake, na ijifunge yenyewe maji yakipoa. Isipofanya hivyo, weka mpya na gasketi yake, na kama ina kitundu chenye kipini kidogo, kielekee juu ili hewa ipite.