Kura haziendi mnadani

Vijana wawili wa Masasi wanataka kufungua tovuti ya habari za Kusini: wananchi walete habari wenyewe, wazipigie kura wenyewe, na yenye kura nyingi ikae juu. Wameniuliza kama jambo hilo bado lina maisha, kwa kuwa mimi nasimamia ukurasa wa bei za korosho na habari za barabara hapa Mtwara kwa misimu kadhaa sasa. Maisha linayo. Ila kura zisiwe ndizo zinazoamua.

Waliotangulia wapo. Digg ilianza Marekani mwaka 2004 kwa mpango huohuo, ikavuma kweli. Baadaye ukurasa wake wa mbele ukawa mikononi mwa watumiaji wachache waliojua kupandishana, na Agosti 2010 likaja toleo jipya lililowaruhusu wachapishaji wakubwa kumimina habari zao moja kwa moja. Watu wakahamia kwa makundi Reddit, tovuti nyingine ya kura kama hiyo, na mwaka 2012 Digg ikauzwa kwa bei ya kutupa. Reddit imekua mpaka ikaingia soko la hisa la New York mwaka 2024, lakini nayo ina Aprili 2013 yake. Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, watumiaji walijipa upelelezi, wakawapandisha kwa kura watu wasiohusika kabisa, mpaka uongozi ukaomba radhi hadharani. Sidhani kama wengi wao walikuwa na nia mbaya. Walikuwa mbali na tukio, basi.

Hapa kwetu umbali huo humtoa mkulima hela mfukoni. Msimu ukifunguliwa Oktoba, haichelewi kuja ile ya "bei imeanguka mnadani, wahini kuuza". Haitaji chama kikuu cha ushirika, haitaji ghala, haitaji tarehe. Inamfaa nani? Inamfaa mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho nje ya ushirika, anayezunguka vijijini na hela taslimu. Lakini inatisha, kwa hiyo kila anayeisoma anaipandisha. Kisha anaandika mtu aliyeko Tandahimba: mnada wa TANECU (chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala) leo, bei ya juu hii, bei ya chini hii, kwa kilo, kabla ya makato. Huyo anapata kura za kuhesabu kwa vidole, maana habari yake haimshtui mtu. Kwenye ukurasa wangu yeye ndiye anakaa juu, na wanaonuna wanune.

Hayo maneno "kabla ya makato" siyaachi kamwe. Mkulima akisoma bei ya mnada halafu akaenda AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika, akapokea pungufu, wa kwanza kuitwa mwizi ni karani. Mstari mmoja unaoeleza kwamba kuna ushuru, usafiri na gharama za ghala unaokoa ugomvi mwingi kijijini.

Barabara nako ni hivyohivyo. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na picha za siku ile zilikuwa za kweli. Shida ilikuja mvua zilizofuata, picha zilezile zikarudi kama za leo, abiria wakaahirisha safari bure. Tangu hapo natoa sharti: anayeleta habari ya barabara aseme yuko wapi, saa ngapi, na ameona au ameambiwa. Aliyeambiwa haondolewi, anawekewa alama tu. Mara nyingi "nimeambiwa na konda" ndiyo habari ya kwanza tunayopata, na makonda hawa wanajua mambo.

Kwa hiyo, vijana wa Masasi, hela yenu ya kwanza iende kwa wasimamizi, kabla ya fundi wa kupamba tovuti. Mtu wa Newala, wa Nachingwea, wa Kilwa, kila mmoja anayejulikana kwao na anayelipwa walau vocha. Juni 2023 maelfu ya jumuiya za Reddit zilifunga milango kugomea tozo mpya kwa watengenezaji wa programu, na waliozifunga ni wasimamizi wanaofanya kazi ile bila mshahara. Mwaka uliofuata kampuni ikaingia mkataba na Google, maandishi ya watumiaji yakawa chakula cha kufundishia akili mnemba. Walioandika hawakupata kitu. Basi jina la tovuti liwe lenu, nakala ya kila kilichoandikwa iwe kwenu, hata kama wasomaji wanawafikia kupitia WhatsApp.

Hiyo akili mnemba wengi wanaiogopa kuliko inavyostahili. Itajaza tovuti makala ndefu zinazosomeka vizuri, na ushindani huo msiuingie. Haiwezi kusimama mnadani Newala wala kuona maji yamefika wapi Somanga. Iogopeni kwenye kura tu, maana akaunti bandia mia moja sasa zinatengenezwa kwa dakika chache, na hazilali.

Kuhusu sheria sitaki kuremba. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipokuja na leseni, hata JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala nchini, ilizima kwa muda Juni mwaka huo. Nendeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, mapema mkaulize mnahitaji leseni ipi. Someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hasa sehemu ya taarifa za uongo, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa sababu kuna siku mtu ataleta orodha ya malipo ya AMCOS yenye majina na namba za simu za watu.

Matangazo yapo: wauza salfa ya mikorosho, nyumba za wageni, mabasi. Chukueni, ila tangazo likae kwenye kona yake. Na kama hamjampata mtu wa Newala atakayepokea simu siku ya mnada, ukurasa wa Newala usubiri. Anzeni na Masasi.