Swala ya mahabusu: je, toba ya jela haina thamani?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mama wa Uyole, Mbeya. Mwanangu ana miezi minne mahabusu, kesi yake bado inatajwa tu. Huku nje alikuwa haswali hata Idd. Nilipokwenda kumwona aliniambia sasa anaswali vipindi vyote vitano, na wako kama kumi wanaosimama pamoja. Nikalia kwa furaha. Nilipomweleza mzee mmoja wa msikitini kwetu, akasema hiyo ni dini ya jela, mtu akishafungiwa ndipo anamkumbuka Mungu, na akitoka ataiacha getini. Akaongeza kuwa swala ya chumba chenye ndoo ya choo, bila maji na bila kujua Kibla, haisihi. Nimwambie nini mwanangu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mama yangu. Mwenyezi Mungu amfungulie mwanao, naye akufungulie wewe kifua chako. Neno ulilojibiwa limenisumbua, kwa sababu si la mzee huyo peke yake. Linasemwa kwenye mabaraza yetu mengi, na linawaumiza watu ambao hawapo kujitetea.

Mwanao anaswali. Aendelee, na swala yake inasihi.

Wanaosema toba ya jela ni unafiki hutaja mambo mawili. La kwanza ni Firauni, aliyesema ameamini akakataliwa (Sura ya Yunus, 90 na 91). Lakini Firauni alisema hivyo maji yakimzamisha, roho ikitoka. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa toba ya mja inakubaliwa maadamu roho haijafika kooni. Mahabusu roho yake haijafika kooni. Anakula, analala, anasubiri tarehe ya mahakama. Kumlinganisha na Firauni ni kumfungia mlango ambao Mungu ameuacha wazi. Tena mahabusu hajahukumiwa: hata Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya hukumu. Sisi wa msikitini tumeshamhukumu mara mbili, kwa kosa na kwa toba.

La pili ni aya ya 65 ya Sura ya Ankabut: wakipanda jahazi humwomba Mungu kwa ikhlasi, yaani kwa moyo safi, akiwafikisha nchi kavu hao wanamshirikisha. Isome vizuri. Mungu mwenyewe ameiita dua yao ya baharini ikhlasi, na akaijibu, akawaokoa. Lawama iko kwenye walichofanya baada ya kufika salama. Basi anayeichukua aya hii kumlaumu mtu ambaye bado yumo jahazini, mawimbi yakimpiga, ameisoma kinyume. Na nani amemwonyesha mzee wetu moyo wa kijana huyu? Sahaba Usama bin Zayd alimwua mtu vitani aliyekwisha kutamka shahada, akadhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza: je, uliupasua moyo wake? Hofu ilikuwepo kweli, upanga ulikuwa shingoni, na bado neno lile lilipaswa kupokelewa.

Nakubali kwamba sababu za watu kuanza kuswali kizuizini zimechanganyika. Kuna hofu ya kesi na aibu kwa mama. Kuna muda mrefu usio na kazi, ambao adhana inaukata vipande vitano ukabebeka. Mwingine anatafuta wenzake wema katika chumba chenye wababe, na mwingine amefuata sukari na sabuni zinazoletwa na wageni wa dini. Hata huyu wa sukari simfukuzi. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba imewatengea fungu la zaka wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Mungu amejua kwamba moyo wa binadamu wakati mwingine huingia kupitia tumbo, akaliwekea jambo hilo fedha. Sisi ni nani tulione aibu?

Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa, alitekwa akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume. Siku tatu akaziona swala na kuisikia Qur'ani, huku Mtume akimjia na kumsemesha kwa upole. Kisha akaachiwa bila sharti. Akaenda kwenye mitende iliyo karibu, akaoga, akarudi kusilimu. Alichokiona akiwa amefungwa ndicho alichorudi nacho akiwa huru. Ndiyo maana nasema kinachoamua kama swala ya mahabusu itadumu si nguvu ya hofu yake. Ni kama kuna mtu wa kumfundisha ndani, na watu wa kumpokea nje.

Sasa hukumu za swala yake, umpelekee kama zilivyo.

Maji. Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, yaani chini kidogo ya robo tatu ya lita. Kopo moja linatosha akiosha kila kiungo mara moja. Yakiwa machache kuliko hapo, aoshe yanapofikia, kisha atayamamu, yaani ajitwaharishe kwa udongo, kwa viungo vilivyobaki. Yakiwa ni ya kunywa tu, anywe, atayamamu.

Tayamamu kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kwa udongo wenye vumbi. Sakafu ya saruji iliyofutwa haitoshi, ila blanketi au ukuta wenye vumbi linaloshika mkononi unafaa. Asubiri wakati wa swala uingie, atie nia, apige viganja mara ya kwanza apake uso, apige mara ya pili apake mikono hadi viwikoni, wa kulia kwanza. Kila faradhi ina tayamamu yake. Wengi hukosea hapa: wanatayamamu alfajiri moja wakaswalia mpaka Isha. Unaweza kumpelekea udongo mkavu uliochekechwa, nusu kilo, kwenye mfuko wa kitambaa. Umwonyeshe askari wa lango na umweleze ni wa nini. Akikataa, usiufiche ndani ya chakula, utamponza mwanao.

Na baridi yenu ya Juni na Julai mnaijua. Akiamka na janaba, hali inayomlazimu kuoga mwili mzima, maji yakiwa ya barafu na hana pa kuyapashia moto, akihofia kuugua atayamamu. Sahaba Amr bin al-As alifanya hivyo usiku wa baridi kali akaswalisha watu, na Mtume alipoambiwa alicheka, hakumkemea.

Ndoo ya choo kuwepo chumbani hakubatilishi swala, maadamu mwili, nguo na mahali anaposujudia havigusani na najisi. Asimame mbali nayo kadiri nafasi inavyoruhusu, atandike kitambaa safi. Kama sakafu yote ina najisi na hana cha kutandika, atainama kwa sijda bila kuigusa.

Kibla kutoka Mbeya ni kaskazini, kikilalia mashariki kidogo. Akielekea jua linapochomoza, ageuke kushoto karibu robo duara, apungukie kidogo tu. Kukiwa na dirisha linaloonyesha mlima Loleza, huko ndiko upande wake. Akitaka kuhakikisha, jua huwa juu ya Kaaba yenyewe tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na 16 Julai saa 6:27, kwa saa zetu. Aliye uani wakati huo akilitazama upande wake tu, ameipata Kibla.

Ijumaa haimlazimu aliyefungiwa. Ataswali Adhuhuri, rakaa nne.

Je, atazirudia akitoka? Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu inamtaka aliyetayamamu mjini kwa kukosa maji, na aliyeswali juu ya najisi, arudie. Lakini Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi mwenyewe, alisema swala iliyoswaliwa kwa wakati wake kwa kadiri ya uwezo hairudiwi, na Imam Nawawi aliiona hoja hiyo ina nguvu. Masahaba waliotafuta mkufu wa Bi Aisha, mke wa Mtume, walikosa maji wakaswali bila udhu, na haikupokewa kwamba waliamrishwa kurudia. Kijana anayeanza nisingempa deni la mamia ya rakaa. Nampa fatwa kwa kauli ya Muzani.

Mama yangu, muda wa kuonana ni mfupi. Usiutumie kumhubiria. Muulize amehifadhi nini, umsikilize asome Fatiha, umrekebishe herufi. Omba ruhusa umpelekee Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, yenye tafsiri. Ukiletwa tena msemo wa dini ya jela, mwombe mzee huyo kwa adabu yake afuatane nawe, au msikiti uandike barua kwa mkuu wa gereza kuomba siku ya darsa kila wiki. Katiba, ibara ya 19, inalinda ibada ya kila mtu, aliyefungwa pia. Makanisa mengi huwa na ratiba yao. Sisi wengi tunaonekana Ramadhani na Idd, tukaacha tende na tusiache mwalimu. Kisha kijana akibadili dini humo ndani tunashangaa.

Na siku atakayotoka, apate mtu wa msikitini wa kumngoja langoni, amchukue kwenda kuoga, na jioni ile ile asimame naye safu moja ya Magharibi bila mtu kumuuliza kesi yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.