IST kupanda Lushoto?

Mkuu, umeuliza kama Toyota IST, gari dogo la kawaida, itaweza kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto kule milimani Tanga, au utafute gari la 4WD (linalovuta kwa magurudumu yote manne). Itaweza vizuri tu. Ni lami, kama kilomita 33, nyembamba na kona zake ni za kujikunja kweli. Ukijaza watu watano na mizigo, ya cc 1300 itapanda kwa kulalamika, ya cc 1500 ina unafuu.

Kazi ipo kwenye kushuka. Usikanyage breki mfululizo kutoka Soni, iliyo njiani, hadi Mombo: zinapata moto, unasikia harufu kama ya mpira unaoungua, kisha pedali inazama na gari halishiki. Toa gia ya D, weka 2 au L (gia za chini) mapema kabla ya mteremko, injini ikushikilie. Breki ukanyage kwa vipindi. Na usithubutu kuweka N (gia huru) eti unaokoa mafuta!

Kona usiyoiona mbele, piga honi, baki upande wako. Mabasi ya Coaster yanakata kona pale utadhani barabara ni yao.

Ila kama safari yako ni hadi Mtae, mbele zaidi ya Lushoto, kipindi cha masika, hapo tafuta RAV4 ya 4WD.