Maswali yenu: Shimo la murram ligeuzwe bwawa

SWALI: Shambani nimeachiwa shimo la murram, mita 30 kwa 20, kina mita 3. Mvua ikinyesha linajaa, baada ya wiki mbili ni kavu. Nilizibeje? – Msomaji, Laikipia

JIBU: Murram ni kokoto; haishiki maji, ni chujio. Lakini kwanza chunguza: maji hukauka yakienda chini, au kuna miezi yanachipuka kutoka chini? Yakichipuka, usitandike nailoni ya bwawa (karatasi nene ya polithini) kabla ya kuyatolea mfereji. Yataisukuma ivimbe kama puto, na viungo vitaachia.

Kama ni kavu, chonga kingo zilale: kwa kila mita 1 ya kina, mita 1.5 kwenda kando. Mdomo ukibaki mita 30 kwa 20, sakafu itakuwa mita 21 kwa 11. Ng'oa mizizi, okota mawe yenye ncha, kisha tandaza udongo laini au mchanga sentimita 10 na ushindilie. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, halafu jiwe moja linatoboa kila kitu.

Agiza nailoni ya milimita 0.75 au zaidi, mita 35 kwa 25, iliyounganishwa kwa joto. Gundi haishiki polithini. Pindo zifukie kwenye mtaro wa nusu mita kuzunguka shimo. Ukiacha nusu mita juu bila maji, utahifadhi takriban lita 920,000.

Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ni nafuu, ila bwawa likikauka unapasuka.

Zungushia ua, na ufunge kamba yenye mafundo hadi sakafuni: nailoni iliyolowa haipandiki.