Tiba ya kukomaza seli za uvimbe wa ubongo: nilichokiona maabara

Pole sana mkuu kwa hali ya kaka yako. Umeuliza kama tiba ya kukomaza seli ipo kweli kwa glioblastoma, ile saratani kali ya ubongo, na kama vidonge vya vitamini A ulivyoshauriwa vinaweza kufanya kazi hiyo. Nimefanya kazi kwenye maabara ya saratani ya ubongo huku Uingereza, nijibu kwa niliyoyashuhudia.

Wazo lenyewe ni la kweli. Ndani ya uvimbe kuna seli shina zilizokwama kwenye uchanga: hazikomai, zinagawanyika tu, na huhimili mionzi na kemo kisha zikauotesha uvimbe upya. Mwaka 2004 watafiti wa Toronto walionyesha kuwa seli 100 tu za aina hiyo zinatosha kuotesha uvimbe kwenye ubongo wa panya. Badala ya kuziua, unazilazimisha zikomae. Kwenye saratani moja ya damu, APL, njia hii imeokoa watu wengi. Wang Zhenyi na wenzake wa Shanghai walitumia ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A, na katika ripoti yao ya 1988 saratani ilitoweka kwenye vipimo vya wagonjwa 23 kati ya 24 kwa dawa hiyo peke yake.

Ubongo umekuwa mgumu zaidi. Sisi tulitumia BMP4, protini ambayo timu ya Vescovi wa Italia ilionyesha mwaka 2006 kuwa inazipunguzia seli hizi uwezo wa kuotesha uvimbe. Ukiiweka, baada ya siku chache seli zilizokuwa zikielea kwa mafungu zinashika chini ya sahani, zinatandaa na kutoa mikono, unaona kabisa zinafanana na astrosaiti, seli komavu za kawaida za ubongo. Inatia moyo sana kuzitazama kwenye hadubini. Halafu unaiondoa BMP4, unasubiri, na baadhi zinaanza tena kugawanyika. Za wagonjwa wengine hazikujali dawa tangu mwanzo. Hapo ndipo tatizo lilipo: zinavaa sura ya utu uzima bila kufunga mlango wa kurudi nyuma.

Kwa binadamu, BMP4 imeshaingizwa kwa mirija moja kwa moja kwenye ubongo wa wagonjwa 15 waliorudiwa na uvimbe, lakini hilo ni jaribio la awamu ya kwanza, la kupima usalama. Bado si tiba ya hospitalini.

Vitamini A naomba msimpe. Vidonge vya dukani si ATRA, na hata ATRA kwenye glioma, kundi la uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo, haijaleta matokeo ya maana. Dozi kubwa ya vitamini A huumiza ini na huweza kupandisha presha ndani ya fuvu, jambo la hatari kwa mtu mwenye uvimbe humo humo.

Aendelee na mionzi na temozolomidi, dawa ya kemo, kama alivyopangiwa. Muulizeni daktari kama kipimo cha jeni ya IDH kwenye uvimbe kilifanyika, maana uvimbe wenye mabadiliko ya IDH siku hizi hauitwi tena glioblastoma, na kwa kawaida mgonjwa wake huishi muda mrefu zaidi. Mkipata ripoti ya patholojia, weka hapa maneno yake bila jina la mgonjwa, nitakusaidia kuisoma.